Programu Tano kwa Sidii Moja

Jumapili ile mama aliweka sidii mezani, kando ya cherehani yake, akasema anataka kuiona kabla ya Jumamosi. Aliiweka taratibu kama mtu anayeweka yai. Ilikuwa ndani ya kava la karatasi, na juu yake mpiga video alikuwa ameandika kwa wino mzito: NGOMA YA MWALI, KINOLE. Mwali mwenyewe ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu siku nilipotolewa nje, sasa nina ishirini na nne, na katika miaka yote hiyo nimeitazama mara moja tu. Sikupenda kujiona nimefunikwa khanga huku watu wazima wakisema juu ya kichwa changu mambo ambayo sikuyaelewa.

"Siitaki kwa ajili yako," mama alisema, kana kwamba nilikuwa nimesema kitu. "Nataka maneno ya bibi yako."

Hapa inabidi nieleze. Kwetu Uluguru ukoo unafuata mama, na kila mji una namna yake ya kumtoa mwali. Katika mji wetu mwali habebwi begani mpaka mwanamke mwenye jina asimame na kuwataja mama waliomtangulia, kuanzia yule wa kwanza aliyefyeka msitu akalima pale, kushuka mpaka kwa mama mzaa bibi yake mwali. Kila anapotajwa mmoja, unga kidogo unadondoshwa chini na wanawake wanaitikia. Mama hao ni wanane. Kwa miaka mingi aliyewataja alikuwa bibi yangu mzaa mama. Alifariki mwaka jana wakati wa masika, na wazee wa ukoo walipokaa, jina lake walimrithisha mama yangu. Hawakumpa dada yake mkubwa, ambaye ameishi Kinole maisha yake yote na ndiye aliyemuuguza bibi. Walimpa mama yangu, anayeshona nguo Mji Mpya, mjini Morogoro, na ambaye Kiluguru chake kimebaki cha kusalimia na cha kugombeza.

Mama mkubwa hakupinga. Hilo ndilo lililotutia wasiwasi. Mtu aliyenyimwa kitu kikubwa namna ile anatakiwa angalau anune. Yeye alisema tu, "Mwenye jina ndiye atakayesema," kisha akaendelea kumenya ndizi.

Sasa binti wa mama mdogo alikuwa ndani, na angetolewa Jumamosi hiyo kabla shule hazijafunguliwa. Mama alikumbuka majina sita kati ya manane, na mpangilio wake hakuwa na uhakika nao.

"Si umuulize mama mkubwa," nilimwambia.

"Nimuulize? Nikimuuliza leo, kesho Kinole nzima itajua jina limeangukia kwa mtu mtupu. Anachongoja ni hicho hicho."

Deki yetu ilikuwa imekufa zamani na juu yake mama alikuwa anaweka vitambaa. Deki ya jirani ipo, lakini niliwahi kuona sidii ikitoka mle na mistari kama ya uma. Iliyobaki ilikuwa kompyuta yangu, laptop ya mtumba yenye tundu la sidii ubavuni. Nilibonyeza, trei ikatoka, nikaitazama ile trei kwa muda, halafu nikairudisha ndani tupu. Nilimwambia mama kwamba kwanza natafuta programu inayofaa.

"Itachukua muda gani?"

"Leo leo," nilisema.

Ilinichukua mpaka Jumatano.

Sikusomea kompyuta. Ninayoyajua nimejifunza mwenyewe, kwa kuangalia mafunzo ya bure kwenye simu na kwa kuharibu vitu, na mtu aliyejifunza kwa kuharibu huwa hasahau alichoharibu. Siku moja nilipakua programu ya kusoma vitabu kutoka kwenye ukurasa uliokuwa na vitufe vinne vya kijani, vyote vimeandikwa PAKUA HAPA. Nilibonyeza kisicho chenyewe. Kwa wiki mbili kompyuta ilinifungulia matangazo ya dawa za kupunguza tumbo, hata nilipokuwa nimekaa na mteja wa kuchapiwa barua ya kazi. Tangu hapo siamini kitufe chochote cha kijani. Siamini pia programu inayosifiwa sana, wala ile isiyosifiwa na mtu. Mtu akiniambia kitu ni rahisi, najiuliza anafaidika nini mimi nikiamini hivyo.

Kompyuta yenyewe ilikuja na programu ya kuchezea video. Nilifikiri pengine hiyo ingetosha, kwa hiyo nilijaribu kwanza sidii nyingine, ya filamu ya mapigano iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, ambayo hata ikipasuka hakuna atakayelia. Programu ikasema haichezi aina hiyo, na kwamba nikitaka kuna nyingine ya kununua. Nilishuku hapo hapo. Haikuniingia akilini kwamba mashine yenye tundu la sidii inaweza kukosa kitu cha kusomea sidii, isipokuwa kama mtu fulani mahali fulani ameamua iwe hivyo.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa fundi wa kompyuta ninayemfahamu, mwenye kibanda karibu na soko. Ni Mzigua wa Handeni, kwa hiyo ni mtani wetu, na mtani hana adabu na wewe hata kidogo.

"Karibu, mtu wa mlimani," alisema. "Umeniletea ndizi au maswali?"

"Maswali. Natafuta programu ya kuchezea sidii. Iwe salama."

"Salama dhidi ya nani?"

"Virusi. Matangazo. Na isikwaruze sidii."

Aliweka chini bisibisi aliyokuwa ameishika. "Dada, programu haikwaruzi sidii. Programu haina kucha."

"Inaweza kuizungusha vibaya."

"Nyie Waluguru mna kazi. Mkishuka huko juu na vikapu vyenu mnadhani mji mzima umekaa kuwaibia." Alivuta droo akatoa flashi isiyo na kifuniko, imefungwa uzi mwekundu. "Hii hapa. Ina kila kitu. Dakika mbili."

"Umeipata wapi?"

"Kwa mtu."

"Na huyo mtu aliipata wapi?"

"Kwa shangazi yako," alisema. "Utaichukua au hutaichukua?"

Sikuichukua. Nilimshukuru, akacheka, na nilipokuwa naondoka aliniitia kwa nyuma kwamba nimsalimie huyo anayevizia sidii yangu. Njiani nilijisikia mjinga, lakini nilijisikia mjinga aliye salama, na kwangu hiyo ni hali ya kawaida.

Nyumbani nilichora jedwali. Safu za kushuka zilikuwa programu tano, nilizozipata baada ya kusoma maoni ya watu mpaka bando likaisha. Safu za kwenda pembeni zilikuwa mambo kumi na moja: imetengenezwa na nani, inaomba ruhusa gani, inajifungua yenyewe kompyuta ikiwashwa, inalazimisha mtandao, na kadhalika. Kila programu niliipakua, nikaipima kwa kinga ya virusi, nikaiweka, nikaijaribu kwa ile sidii ya mapigano, na baada ya hapo nikaijaribu kwa sidii ya kaswida na kwa sidii halisi ya masomo ya Kiingereza iliyoachwa na mpangaji wetu.

Ya kwanza ilicheza vizuri, lakini midomo ilitangulia na sauti ikafuata nyuma, ukadhani wanaopigana wanaomba radhi kwa kuchelewa. Ya pili iliniletea kengele pembeni mwa kioo ikisema kompyuta yangu ina hitilafu mia tatu. Niliifuta na kubadili nywila zangu zote. Ya tatu ilitaka nilipie baada ya dakika kumi. Ya nne ilikuwa nzuri, ya nne niliipenda, ina rangi tulivu na vitufe vyake vimepangwa sawasawa. Ya tano ilikuwa na sura mbaya kama fomu ya benki, vitufe vidogo vimejazana, na ndani yake mipangilio mingi ambayo sikuona mtu wa kawaida angeitakia nini. Niliiweka mwisho kwenye jedwali na kuandika pembeni: ya nini yote haya?

Jumanne nilikuwa tayari kuchagua ya nne, lakini nilipoingiza tena ile sidii ya Kiingereza, kompyuta iliniuliza tundu langu ni la eneo gani la dunia, ikanionya kwamba naruhusiwa kubadili mara nne tu, na baada ya hapo litabaki vile vile siku zote. Nilichomoa sidii kana kwamba inaungua. Sikujua kwamba matundu ya sidii yana mipaka ya nchi. Nilitumia siku nzima kusoma habari za maeneo, na jioni nilijua kwamba sidii iliyochomwa na mpiga video wa Morogoro haina eneo lolote, inacheza popote. Hata hivyo sikuitia.

Mama alikuwa anashona sare za shule. Kila nilipopita aliinua macho kutoka kwenye sindano, na mara ya nne au ya tano alisimamisha mguu kwenye cherehani.

"Mwanangu, kwani hiyo kompyuta inakula sidii?"

"Nataka iwe sawa, mama."

"Leo Jumanne."

"Najua."

"Mimi nina majina sita."

Niseme ukweli, kwa kuwa ndiyo sababu ya kuandika. Ilipofika Jumanne jioni nilikuwa nimeshajua kwamba ya nne na ya tano zote ni salama. Nilichokuwa nalinda si sidii. Nilikuwa nalinda ile hali ya kutokuwa nimekosea bado. Maadamu sidii iko ndani ya kava, bibi yuko mle ndani, mzima, na majina yote manane. Nikishaitia, kama haichezi, atakayekuwa amempoteza ni mimi. Kwa ajili hiyo nilimnyima mama siku tatu kati ya sita alizokuwa nazo, na nilimnyima kwa jedwali.

Jumatano baada ya adhuhuri mvua ilianza kunyesha milimani na mama akafunga cherehani. Alivuta kiti akakaa mbele ya kompyuta, akakunja mikono. Nilifungua ya nne, nikafuta sidii kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, nikaitia.

Ilicheza mara moja, bila kukwama.

Kwanza yalikuja maua yanayozunguka na jina la studio, kisha uwanja wa nyumba ya bibi, migomba, watu wa zamani wakiwa vijana. Nilijiona mimi, furushi la khanga juu ya mkeka. Halafu bibi akasimama, mfupi kuliko nilivyomkumbuka, ana kibakuli cha unga mkononi. Mama alisogea karibu na kioo. Bibi alifungua mdomo.

Kikatoka kinanda. Baada ya kinanda ikatoka sauti ya mwanamke akiimba taarabu, akimsema mke mwenzie.

Bibi alikuwa anasema, tulimwona anasema, mkono unadondosha unga, wanawake nyuma yake wanafungua midomo kuitikia, na juu yao wote yule mwimbaji anaendelea kumwambia mwenzie kwamba hata ajipambe vipi hatapendwa.

"Ongeza sauti," mama alisema.

Niliongeza sauti, tukamsikia mke mwenza kwa nguvu zaidi.

Nikamwambia mama ni programu. Nilikuwa na hakika kabisa. Niliwahi kusoma kwamba sidii moja inaweza kubeba njia mbili za sauti, na programu ikachagua isiyo yenyewe. Nikafunga ya nne nikafungua ya kwanza: kinanda, tena kinachelewa. Nikafungua ya tatu, ikaniomba malipo huku bibi amesimama mdomo wazi. Nikafungua ya tano, nikapekua mipangilio yake yote ya sauti. Njia ya sauti ilikuwa moja. Nilikuwa nasema peke yangu, kwamba wametuficha, kwamba iko mahali, kwamba haiwezekani isiwepo. Mama aliinuka akaenda kuanua nguo, ingawa mvua ilikuwa bado haijashuka mjini.

Alhamisi asubuhi nilimtafuta yule mpiga video. Studio yake haikuwepo tena, na pale palikuwa na duka la vipuri vya pikipiki, ila muuzaji alikuwa yeye mwenyewe, amenenepa. Nilimsalimia shikamoo, nikamtolea sidii. Aliutambua mwandiko wake.

"Mwali wa Kinole," alisema. "Umekuwa mtu mzima."

"Naomba kuuliza. Sauti ya siku ile ipo? Ile ya watu wenyewe?"

"Ya watu wenyewe?" Alifikiri swali lina mtego, nikaona anavyonitazama. "Kwani kuna kesi?"

"Hakuna kesi. Bibi yangu anasema maneno pale, na umeweka taarabu."

"Dada yangu, siku zile ukimpelekea mteja video ina upepo na kelele za watu na jogoo, anakwambia umeniharibia shughuli. Lazima muziki. Na pale nilichagua wimbo mzuri, uliokuwa unapendwa."

"Ya asili huna?"

"Kanda tulikuwa tunarekodi juu yake. Kesho yake nilikuwa na harusi." Alifuta mikono kwa tambara. "Pole. Alikuwa anasema nini?"

Nilimwambia majina. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa juu ya msiba, na kwa mara ya kwanza wiki ile sikuona cha kumshuku mtu. Alikuwa amefanya kazi yake kwa usafi, kama mimi ninavyofanya yangu, na katika usafi huo akamfuta bibi.

Niliporudi mama alikuwa amekaa mbele ya kompyuta peke yake. Ilikuwa imefunguka kwenye ya tano, ile yenye sura mbaya, nilipoiacha jana. Alikuwa amegundua jinsi ya kuizima sauti na sijui alibonyeza nini kingine, kwa sababu bibi alikuwa anakwenda polepole mno, mkono wake unashuka kama jani, unga unaning'inia hewani.

"Imeharibika?" aliniuliza. "Nilibonyeza tu hapa, akaanza kwenda hivi."

Haikuwa imeharibika. Ilikuwa imepunguzwa mpaka robo ya mwendo. Ya nne haikuwa na kitu hicho, wala katika mambo yangu kumi na moja sikuwa nimeandika popote kwamba programu iweze kwenda polepole.

"Mwache hivyo hivyo," mama alisema. "Mtazame mdomo."

Tulikaa. Bibi alifunga midomo, akaifungua, meno ya chini yakaonekana. Mama alikuwa anaifuata kwa mdomo wake mwenyewe bila sauti, kama mtoto anayejifunza kusoma. Mara ya tatu tulipomrudisha nyuma, mama alitoa sauti, na lililotoka lilikuwa jina. Halikuwa miongoni mwa yale sita. Alishika mdomo kwa mkono.

"Huyu ni bibi wa bibi yake," alisema. "Nilikuwa simkumbuki kabisa. Mdomo umemkumbuka."

Mchana ule wote tulifanya kazi hiyo. Mimi nilirudisha na kusogeza, picha moja moja, kwa vile vitufe nilivyovidharau, na mama alimfuata bibi. La kwanza na la pili yalikuwa mahali pake. La tatu na la nne yalikuwa yamegeuzwa kichwani mwake, akayapanga. Lile lililokuja bila kutarajiwa lilikuwa la tano. La sita alilijua tokea mwanzo, na la nane pia, kwa kuwa ni la mama mzaa bibi, kila mtu analijua. Ila la saba halikuwepo.

Bibi alipomaliza la sita na kuchovya vidole kwenye kibakuli, kamera ilimwacha. Iligeuka kumfuata mjomba, aliyekuwa ameingia uwanjani akicheza na kuwatunza noti wapiga ngoma, kofia imekaa upande. Mjomba alicheza kwa sekunde kumi na moja. Kamera iliporudi, bibi alikuwa anadondosha unga wa saba na mdomo umeshafungwa.

Tulizirudia sekunde zile mara nyingi. Nilitafuta nyuma ya bega la mjomba, katikati ya mikono ya wapiga ngoma, hata kwenye kioo cha gari lililoegeshwa. Mama ndiye aliyenizuia.

"Inatosha. Saba ninao. Huyo mmoja nitaona."

"Utaona vipi?"

"Nitapita haraka."

Tulifika Kinole Ijumaa mchana. Mama mkubwa alitupokea uwanjani, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku ananitazama mikononi kutafuta begi la kompyuta. Niliuona mtazamo ule. Jioni aliniuliza kama ni kweli mama yangu ana sidii ya bibi, na mimi nilijibu kwamba sidii zina matatizo siku hizi. Asubuhi aliniuliza tena, akipita. Niliamini anapima tumeshika nini na tumekosa nini.

Jumamosi, mwali ameshakalishwa kwenye mkeka na khanga zimeshafunikwa, mama mkubwa alinishika mkono akanivuta nyuma ya jiko.

"Wewe mtoto wa kompyuta. Ile sidii ina jina la saba?"

Nilijua ni mtego, nilikuwa nimejiandaa kwa mtego huo wiki nzima.

"Nakuuliza wewe. Lipo?"

"Kwani wewe mama mkubwa hulijui?"

Alitazama chini. Alikuwa na majivu kwenye vidole, akayafuta kwenye khanga polepole.

"Mama alipougua nilimuuliza mara mbili. Mara zote mbili alinitajia sita, akaruka kwenda kwa wa nane. Alikuwa ameshachoka. Unadhani kwa nini nilinyamaza jina lilipokwenda kwa mama yako? Nikasema yule ana sidii. Ana na mtoto wa kompyuta. Yeye atalipata."

"Hatukulipata," nilisema. "Kamera ilimfuata mjomba."

Alisonya, si kwangu. "Mjomba wako," alisema. "Hata siku ya watu lazima acheze mbele."

Nilitaka kumwahi mama nimwambie, kwamba hakuna anayelijua, kwamba anaweza kupita haraka na hakuna mtu pale wa kumkamata. Lakini ngoma zilikuwa zimeshanyamaza na mama alikuwa amesimama na kibakuli. Nilibaki ukingoni mwa uwanja na mama mkubwa kando yangu, ameacha mkono wake juu ya mkono wangu.

Mama alianza. Kiluguru chake kilikuwa kizito, cha mtu anayebeba kitu kisimwagike, lakini kilikwenda. Wa kwanza, unga, wanawake wakaitikia. Wa pili. Wa tatu. Kwa wa tano nilisikia kikongwe mmoja nyuma akiguna kwa mshangao, kama aliyekutana na mtu barabarani. Wa sita. Mama alichovya vidole, na hapo nilijua atapita, nikashusha pumzi.

Hakupita. Alisimama, vidole ndani ya kibakuli, akasema kwamba huyu wa saba alikuwepo, alizaa na alilima, na kwamba jina lake limetuponyoka sisi. Alisema anamwomba asichukie.

Nilimwogopea mama kuliko nilivyowahi kuogopa. Kisha yule kikongwe aliyeguna alisema jina. Alilisema kwa uhakika, kama vile tulikuwa tunamsubiri yeye. Hapo hapo mwanamke mwingine upande wa migomba akasema hapana, huyo ni wa ukoo wa kule bondeni, wa kwetu alikuwa fulani, akataja jina jingine. Wa tatu, ambaye hata hakuwa mzee sana, akasema mama yake alikuwa akimtaja mwingine kabisa, na kwamba yuko tayari kuapa. Wakaanza kubishana hapo hapo, kwa sauti, juu ya mwali aliyefunikwa. Mmoja akamwambia mwenzie kwamba kumbukumbu yake ni ya kuazima. Mama mkubwa aliniachia mkono akaingia kati, na badala ya kuamua, akawa anauliza kila mmoja alimsikia nani akisema.

Nilijipanga kusikiliza na kupima. Nilikuwa na maswali ya kumuuliza kila mmoja wao, na sababu za kumshuku kila mmoja.

Mama hakungoja. Aliwasikiliza wote watatu mpaka mwisho, akainua kibakuli, akataja jina la kwanza na kudondosha unga, akataja la pili na kudondosha unga, akataja la tatu na kudondosha unga. Wanawake waliitikia mara zote tatu, wale waliokuwa wanabishana wakiitikia kwa nguvu kuliko wengine. Baada ya hapo akamtaja wa nane, ngoma zikarudi, na binti wa mama mdogo akanyanyuliwa juu ya bega.

Mwali ajaye wa mji wetu atatajiwa mama kumi. Angalau wawili kati yao si wetu. Sijui ni wawili gani.